Mshauri mpya wa wanafunzi: kazi yake ni gani, na atambulishwe namna gani?

Mwezi wa tisa, masomo yakianza, kuko shule za sekondari zinazopokea mshauri mpya wa wanafunzi, yule wengi hapa kwetu wanaita konseye. Mara nyingi jina lake linatajwa mara moja wakati wa kupandisha bendera, na basi. Wanafunzi wanamuchanganya na mkurugenzi wa nidhamu, wanamukimbia.

Kazi yake

Preferi anaongoza shule. Mkurugenzi wa nidhamu anafuata wenye kuchelewa, kutoroka na kupigana. Mshauri yeye anasikiliza na kuongoza. Hapigi, hafukuzi.

Kwanza, anasaidia kuchagua masomo. Mwanafunzi akimaliza darasa ya 8 anafanya TENASOSP, kisha anaingia miaka 4 ya humanite: pedagojia, sayansi, biashara, ufundi na zingine. Njia hiyo ndiyo itamufikisha kwenye Mtihani wa Serikali. Wengi wanachagua sababu rafiki amechagua, ao sababu shule iko karibu. Mshauri anaangalia alama za mtoto, kile anapenda, na uwezo wa wazazi.

Pili, shida za maisha. Katika mikoa yetu, kuko watoto waliokimbia vita na kulala kwa jamaa, wengine wamefiwa, wengine hawalali usiku. Kuko pia msichana ambaye nyumbani wanataka kumuoza. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza ndoa ya mtu asiyetimiza miaka 18.

Siri na mpaka wake

Maneno ya mwanafunzi hayapelekwe kwa walimu wala sokoni. Lakini mshauri asiahidi kunyamazia kila kitu. Kama maisha ya mtoto yako hatarini, lazima atafute musaada, na amuambie mtoto mbele. Kwa aliyebakwa, saa zinahesabiwa: dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapaswa kuanza kabla ya saa 72, na kufika hospitali mapema ni bora zaidi. Mtoto akiogopa mshauri, saa hizo zinapita bure.

Kumutambulisha

- Wakati wa bendera, preferi ataje jina lake, mahali anapatikana na saa. Kisha mshauri aongee yeye mwenyewe.
- Apite darasa kwa darasa. Wanafunzi wanauliza vizuri wakiwa wachache.
- Aonekane kwenye mkutano wa komite ya wazazi, na aseme kwa lugha wanayoelewa, si Kifaransa tu.
- Walimu wafundishwe kumutumia mwanafunzi bila kumuaibisha mbele ya wenzake.
- Asipewe meza ndani ya ofisi ya nidhamu. Kama nafasi haiko, hata viti viwili chini ya muti vinatosha, mahali watu wanaona lakini hawasikie.

Kwa wazazi

Mtoto kwenda kwa mshauri haina maana ana wazimu, wala kwamba anashitaki familia. Nendeni mumusalimie, mumuulize atafanya kazi namna gani na watoto wenu. Na yule aliye darasa ya 8, mufike naye mbele ya mwisho wa mwaka, wakati kuchagua kungali kunawezekana.