Sindano ya Upareni, Kutoka Merikani hadi Mitumba

Juni 1984 Waziri wa Fedha wa Tanzania, Cleopa Msuya, alisoma bajeti katika nchi ambayo maduka yake yalikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Ndani ya bajeti hiyo mlikuwa na ruhusa ambayo mwaka mmoja tu nyuma, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, ingesikika kama mzaha: mwenye fedha zake za kigeni aagize mali kutoka nje, wala asiulizwe fedha hizo kazitoa wapi. Zikaja sabuni, vipuri na redio. Yakaja pia marobota ya mitumba.

Msuya alikuwa mzaliwa wa Usangi, Upare Kaskazini. Mtu angedhani kwamba huko kwao milimani, na kule Same na Upare Kusini, nguo zikishakuwa tele sindano ya mkono ingepumzika. Haikupumzika. Kwa zaidi ya karne moja kila njia mpya ya biashara iliyopita chini ya milima hiyo imeleta nguo za aina yake, na kila aina imeidai sindano kazi tofauti na ile ya jana.

Kabla ya pamba zilikuwepo ngozi za mbuzi na ng'ombe, zilizolainishwa kwa mafuta na kuvaliwa begani au kiunoni. Chuma hakikuwa kigeni Upareni: wahunzi wa ukoo wa Washana huko Ugweno walifua majembe na mikuki, na chuma chao kilifika mpaka kwa Wachaga. Mshono wa ngozi ni wa hatua mbili, kwanza kutoboa kwa kitu chenye ncha, kisha kupitisha uzi kwenye tundu. Sindano yenye jicho inafanya yote mawili kwa pigo moja, ila inahitaji kitu laini zaidi cha kushona.

Kitu hicho kilipanda na misafara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pembe waliotoka Pangani kwenda Kilimanjaro walipita bonde la mto huo na kandokando ya milima, wakipumzika vituo kama Gonja na Kisiwani, ambavyo leo vimo wilayani Same. Mizigo yao ilikuwa shanga, waya wa shaba na nguo: kaniki nyeusi ya Kihindi na merikani, kitambaa kigumu cha pamba ambacho hakijapaushwa, kilicholetwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilikatiza biashara hiyo, na baadaye viwanda vya Bombay vikashika nafasi. Jina halikubadilika, merikani iliendelea kuitwa merikani hata ilipotoka India.

Kitambaa kilipimwa kwa mkono, yaani kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilikuwa shuka, minane ilikuwa doti. Kipimo hichohicho kinamfaa hadi leo anayejifunza kushona: uzi unaotia kwenye sindano usizidi sana mkono mmoja. Wengi wanaoanza hukata uzi mrefu ili wasitunge mara kwa mara, halafu nusu ya muda wao unaishia kufungua mafundo.

Kasoro ya kitambaa kilichokatwa kwenye jora inajulikana. Ukingo wake hauna mlinzi, na nyuzi zinaanza kuchomoka siku ya kwanza ya kufua. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya sindano kwenye merikani ilikuwa pindo. Unakunja ukingo mara mbili, mkunjo wa kwanza mwembamba ili ufiche nyuzi zilizochanika, wa pili mpana kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Kisha unashikiza kwa bandi, sindano ikizama na kuibuka kwa hatua zinazolingana. Bandi ni mshono wa haraka na unafumuka kwa haraka vilevile, na ndiyo maana fundi huitumia kushikilia nguo kwa muda kabla ya mshono wenyewe. Pindo la kudumu hushonwa kwa kuchota nyuzi mbili tatu tu za kitambaa cha mbele, kisha sindano inapita ndani ya mkunjo. Kwa nje huonekana vidoti, na mkono uliozoea hauachi hata hivyo.

Huko pwani, wakati huohuo, wanawake walikuwa wakifanya jambo ambalo baadaye, kwa miaka mingi, lingefika Upareni likiwa limefungwa kwa doti. Walinunua leso za rangi zilizouzwa katika jora, wakakata tatutatu, wakaziunga vipande viwili kwa mkono na kupata vazi la leso sita. Wenye maduka hawakukawia kuona fursa, wakaagiza kitambaa kilichopigwa chapa kikiwa kipande kizima, na mshono wa katikati ukatoweka. Ndiyo kanga. Mmoja wa waliojenga jina kwa biashara hiyo alikuwa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza 1887 na ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Kiwanda kilimpunguzia mwanamke kazi ya kuunga, lakini kazi ya kupinda kikamwachia. Kanga bado inauzwa pacha ikiwa haijakatwa wala kupindwa, na kwa wasichana wengi wa Tanzania pindo la kanga ya mama ndilo somo la kwanza la sindano. Ukingo ni mrefu na umenyooka, na makosa hayaonekani kwa mbali. Hakuna daftari bora la mazoezi.

Reli ya Usambara, iliyoanzia Tanga, ilifika Moshi mwaka 1911 ikiwa imepita Same. Bidhaa zilizokuwa zikibebwa vichwani kwa wiki kadhaa zikawa zinashushwa stesheni. Same ikakua, na kama ilivyokuwa katika miji yote midogo ya Tanganyika, mbele ya duka la vitambaa alikaa fundi na cherehani yake. Mgawanyo wa kazi ulianza hapo. Mshono mrefu wa ubavuni au wa mguu wa suruali ulikuwa wa mashine; vifungo, pindo na viraka vilirudi nyumbani. Ni mgawanyo wenye akili. Cherehani hushinda kwa mwendo, ila haiwezi kuingia kwenye kona ya mfuko uliotoboka bila kwanza kufumua nusu ya suruali.

Mlimani njia nyingine ilikuwa imeshafunguliwa. Wamishonari Waadventista kutoka Ujerumani walianza kituo chao cha kwanza Upare Kusini mwaka 1903, na Walutheri wa misheni ya Leipzig walikuwa na vituo kaskazini na kusini. Nyumba ya mmoja wao, Jakob Dannholz, bado imesimama Mbaga na hupokea wageni. Misheni ilitaka wanafunzi waje wamevaa nguo, na nguo zilizaa somo la kushona. Msichana aliyejifunza kusoma alijifunza pia kunyoosha mshono. Waadventista walikuja na urithi mwingine, kundi la kina mama la Dorkas, lililopewa jina la mwanamke wa Yafa anayetajwa katika Matendo ya Mitume kuwa aliwashonea wajane nguo. Kundi la kwanza la aina hiyo katika kanisa lao lilianza Battle Creek, Michigan, mwaka 1874. Sindano ya mkono haikupata heshima ya namna hiyo katika ofisi yoyote ya serikali.

Injili ina fundisho jingine la ushonaji ambalo wahubiri hulipitia haraka kwenda kwenye maana ya rohoni: kiraka kipya kwenye vazi kuukuu. Kwa fundi ni ushauri wa kazi. Kitambaa kipya cha pamba kikifuliwa hunywea, na kikinywea huvuta nguo iliyochoka mpaka ichanike pembeni ya kiraka. Kwa hiyo kiraka hufuliwa kwanza, au hukatwa kwenye nguo nyingine iliyochoka kwa kiwango hichohicho. Kikatwe kikubwa kuliko tundu, angalau sentimita mbili kila upande, na nyuzi zake zielekee upande mmoja na nyuzi za nguo. Pembe zikiviringwa kidogo hazitabanduka. Halafu mshono wa kurudi nyuma: sindano inatokeza mbele, inarudi kuzama pale mshono uliotangulia ulipoishia, kisha inatokeza mbele zaidi. Ukiutazama kwa juu unafanana na wa cherehani, na uzi ukikatika sehemu moja mshono mzima haufumuki.

Viraka vilipata kazi nyingi wakati wa Vita Kuu ya Pili, nguo za kutoka nje zilipoadimika Tanganyika nzima. Senti za kahawa ziligombewa na nguo, karo na kodi, na kodi ndiyo iliyowasha moto. Januari 1945 maelfu ya wanaume wa Kipare waliteremka Same kuipinga kodi mpya iliyoitwa mbiru, wakapiga kambi makao makuu ya wilaya. Mwanahistoria Isaria Kimambo, Mpare mwenyewe, ameandika kisa hicho kwa kirefu.

Bado, waliokula chumvi nyingi wanapozungumzia uhaba wa nguo mara nyingi huwa na maana ya miaka iliyo karibu zaidi. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka na Kenya wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa watu wa Upare Kaskazini, ambao Ziwa Jipe na nchi ya Kenya ng'ambo yake viko chini ya macho yao, ilikuwa kutazama soko bila kulifikia, isipokuwa kwa aliyethubutu kufanya magendo. Katikati ya hapo vikaja vita vya Kagera. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, hakikuweza peke yake kuivisha nchi. Kanga na vitenge vikawa vitu vya foleni.

Sindano ikawa chombo cha uchumi. Kola ya shati huchakaa kwenye mkunjo, pale inaposugua shingo. Fundi alifumua kola yote, akaigeuza upande wa chini ukawa juu, akaishona tena, na shati likapata miaka mingine miwili mitatu. Shuka iliyochakaa katikati ilipasuliwa kwa urefu, kingo zake ambazo bado zilikuwa nzima zikaunganishwa ziwe katikati. Kaptula za shule zilikuwa na viraka viwili makalioni, na mama hodari alihakikisha vinalingana.

Upande wa Shengena, kilele cha mita zaidi ya 2,400 kinachoshinda na ukungu, nguo isiyoachika ni sweta, na tundu la sweta halikubali kiraka. Linafumwa upya. Unaingiza ndani ya sweta kitu cha duara, balbu iliyoungua au kibuyu kidogo, tundu likae juu yake bila kuvutwa. Unapitisha uzi wa sufu kwa mistari iliyosimama, ukianzia mbali kidogo na tundu mahali ambapo sufu bado ina nguvu. Kisha unarudi kwa mistari ya kulala, sindano ikipita juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata. Usivute. Ukivuta, tundu litafungwa kwa kufinywa na sweta litaota kovu.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mitumba ilipofika. Siku ya gulio, bei ya shati zima ikashuka karibu na gharama ya kulihudumia la zamani, na kola zilizogeuzwa zikatoweka karibu zote. Lakini nguo iliyokatwa kwa mwili wa mtu wa Ujerumani au Canada haimkai kila Mpare. Suruali ni ndefu, kiuno ni kipana, mabega ya koti yanaanguka. Fundi aliyekuwa akiziba akawa anapunguza, anabana na kufupisha, na mnunuzi akajifunza kukagua nguo sokoni kwa macho ya fundi: je, kuna akiba ya kitambaa ndani ya mshono? Zipu inapanda? Vifungo vyote vipo?

Kifungo ndicho dawa nafuu kuliko zote. Shati lililopoteza kimoja hushuka bei, na anayejua kukirudisha anajua siri ya njiti ya kiberiti. Njiti huwekwa kati ya kifungo na nguo wakati wa kushona. Ukimaliza unaichomoa, unazungushia uzi mara kadhaa kwenye nafasi iliyobaki, unafunga kwa nyuma. Kifungo kinapata shingo, na upande wa pili wa shati unapata mahali pa kukaa bila kuukata uzi.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni kufikia 2019 ili viwanda vya ndani vipumue. Marekani ikatishia kuzinyima nchi hizo nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru chini ya sheria yake ya AGOA. Rwanda ilishikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafasi hiyo kwa nguo zake. Tanzania na Uganda zililegeza. Marobota yakaendelea kufunguliwa.

Siku hizi ndani yake zimo jinzi zilizochanwa magoti kwa makusudi kiwandani. Fundi aliyekulia enzi ya viraka hulazimika kuuliza kabla ya kutunga uzi, maana kijana hataki tundu lizibwe. Anachotaka ni lisiendelee kukua. Kazi hiyo haitaki cherehani. Kipande chembamba cha kitambaa huwekwa kwa ndani kuzunguka tundu, kisha mshono wa kurudi nyuma hupigwa ukingoni, kwa uzi wa bluu unaofanana na jinzi.