Habari za Mke Mlang'o wa Luanda Magere, kwa Upande Wake

Kisa cha Luanda Magere chajulikana kwa Wajaluo wa pande zote mbili za mpaka, wa Kano kule Kenya na wa Rorya huku Mara. Hata hapa Buhemba, katika nchi ya Wazanaki, watoto wetu wanakijua, kwa kuwa machimbo ya dhahabu yaliwakutanisha watu wa makabila mengi, na kila mtu alikuja na hadithi za kwao. Twataka kukitazama tena, si kwa ajili ya shujaa, ambaye amekwisha kusifiwa sana, bali kwa ajili ya mkewe, ambaye hulaaniwa na kila akisimuliaye.

Kwa kifupi ni hivi. Luanda Magere alikuwa mtu wa ukoo wa Sidho. Neno luanda katika lugha yao maana yake ni mwamba, na ndivyo ulivyokuwa mwili wake: mikuki ya adui ilimgonga ikaanguka chini. Walang'o, ndilo jina Wajaluo wawaitalo Wanandi na jamaa zao, walishindwa naye mara nyingi. Mwisho wazee wao wakafanya shauri, wakamletea binti mzuri awe mkewe, iwe alama ya amani. Wazee wa Wajaluo wakamwonya asimpokee, hakusikia. Siku moja akaugua, na mke mkubwa hakuwapo. Akamwita huyu mdogo amchanje chale za dawa, lakini kisu kilikataa mwilini. Hapo akamfunulia siri yake, akamwambia akichanje kivuli chake. Akakichanja, damu ikatoka. Usiku ule mwanamke akatoroka kwenda kwao. Vita vikaja, mkuki ukapigwa kivulini, na shujaa akaanguka akageuka jiwe.

Wasomaji wataona kwamba katika kisa hiki mume ana jina, ukoo, hata jiwe lake. Mke huitwa tu Mlang'o, yaani huitwa kwa jina la adui, ingawa alilala nyumbani mwa Wajaluo na kupika katika mafiga yao. Tuliwapa wanafunzi wetu kazi ya kukisimulia kisa kwa kinywa chake. Wavulana wakacheka. Wasichana hawakucheka, wakaandika. Maneno yafuatayo hayakupokewa kwa wazee. Tumeyatunga sisi, lakini tumejaribu kutotoka nje ya mambo yaliyomo katika kisa chenyewe:

"Nilizaliwa katika boma ambalo ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kutekwa. Ndugu zangu walikwenda vitani, hawakurudi. Wazee waliponiita hawakuniuliza kama napenda. Walinipaka mafuta wakanipeleka kwa mtu aliyewaua ndugu zangu, na pande zote mbili wakaliita jambo hilo amani. Kwake niliteka maji, nikasaga nafaka, nikaitwa Mlang'o asubuhi na jioni. Yeye mwenyewe hakunitenda vibaya, na hilo ndilo lililonitesa usiku ule. Yeye ndiye aliyenipa kisu mkononi. Nilipoiona damu ikitoka katika udongo, nilitetemeka. Nikinyamaza, nawaua ndugu zangu waliobaki. Nikinena, namwua mume wangu. Sikuona njia ya tatu. Mwaniita msaliti. Niliwasaliti nani, ikiwa hamkukubali hata siku moja kuniita mtu wenu?"

Tutajibiwa kwamba alitumwa makusudi ili apeleleze. Kweli, ndivyo wengi wasimuliavyo. Lakini aliyetumwa na aliyetuma si mmoja, na wale wazee waliomtuma hatujasikia mtu akiwalaani. Wala hatusemi kwamba mwanamke hana hatia. Mume alimwamini katika ugonjwa, na kumtoroka mgonjwa usiku ni jambo zito kwa kabila lolote tulijualo.

Walimu wa dini hupenda kumfananisha na Delila. Sisi twaona mfano huo haufai. Delila aliahidiwa fedha, vipande 1,100 na kila mmoja wa wakuu wa Wafilisti. Mwanamke wa Luanda Magere hatajwi kupokea kitu. Aliye karibu naye zaidi ni Yaeli, katika kitabu hicho hicho cha Waamuzi. Mumewe Yaeli alikuwa na amani na mfalme Yabini, na Sisera, jemadari wa Yabini, alikimbilia hemani mwake kama mgeni. Akampa maziwa, akamfunika, na alipolala akampigilia kigingi cha hema kichwani. Naye husifiwa katika wimbo wa Debora! Sababu ni moja tu: wimbo ule uliimbwa na Waisraeli, si na mama yake Sisera. Kisa cha Luanda nacho tumekipokea kutoka Kano, si kutoka milimani kwa Wanandi.

Tena Wanandi wenyewe wajua maana ya kudanganywa kwa jina la amani. Walipigana na Waingereza tangu 1895, na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilizidisha ugomvi. Tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei alikwenda kuonana na Kapteni Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani, akauawa pale pale kwa risasi. Meinertzhagen alilaumiwa na baadhi ya wenzake, akahojiwa na mabaraza ya kijeshi, lakini hakuhukumiwa. Jina lake limeandikwa katika vitabu pamoja na cheo chake.

Jiwe la Luanda Magere lingali huko Kano. Husemwa kwamba mwindaji akinoa mkuki wake juu yake hatarudi mikono mitupu. Juu ya mwanamke, kisa hakisemi kama alipokewa kwao kwa vigelegele, wala kama aliolewa tena, wala kama alimlilia mumewe alipofika habari za jiwe.