Chokaa ya Kilwa na Historia ya Kemia

Somo letu la leo ni historia ya kemia, yaani elimu ya kujua vitu vimefanyizwa kwa nini, na jinsi vinavyogeuka kuwa vitu vingine. Huenda baadhi yenu mwadhani kuwa hii ni elimu ya chupa za vioo na vyumba vya shule tu. Sivyo. Katika pwani yetu, toka Kilwa hata Lindi na Mikindani, watu wamefanya kazi ya kemia kwa karne nyingi bila kuiita kwa jina hilo. Kazi yenyewe ni kuchoma chokaa.

Mtu akivuka kwa mashua toka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani ataona magofu ya Msikiti Mkuu, uliopanuliwa kwa makuba katika karne ya 14. Mbali kidogo, juu ya genge la bahari, liko jumba la Husuni Kubwa, lenye birika la pembe nane, ambalo hudhaniwa kuwa ni la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa sultani huyo. Mawe ya majengo haya ni matumbawe. Kilichoyashikamanisha ni chokaa, na chokaa nayo ilitoka katika matumbawe hayo hayo. Yawezekanaje jiwe liwe gundi ya jiwe mwenziwe?

Tazameni kazi ya mchoma chokaa. Hupanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, kisha hurundika vipande vya matumbawe juu yake na kutia moto katikati. Moto ukizimika, mawe yamekuwa meupe na mepesi. Yakimwagiwa maji huchemka na kutoa moshi kama sufuria jikoni, hata yakasagika yenyewe kuwa unga. Unga huo huachwa muda mrefu upate kuiva, ndipo huchanganywa na mchanga. Ukipigwa ukutani hukauka, na baada ya miaka mingi huwa mgumu kama jiwe. Mafundi walijua haya yote kwa mkono na jicho. Wala si wao peke yao: huko 'Ain Ghazal, katika nchi ya Jordan, watu walipiga sakafu zao kwa chokaa zaidi ya miaka 8,000 iliyopita.

Waarabu waliita elimu hii al-kimia, na ndiko lilikotoka neno kemia. Mtaalamu al-Razi, katika karne ya 9 na ya 10, aliyagawa madawa na madini kwa mafungu, na kueleza vyombo vya kuyachoma na kuyakeneka. Walakini hata baada yake swali la chokaa lilibaki. Wengi walidhani kwamba ukali wa chokaa ni moto ulioingia ndani ya jiwe.

Mtu aliyelifumbua fumbo hili alikuwa Joseph Black wa Edinburgh, aliyekuwa akisomea udaktari na kutafuta dawa ya vijiwe vya kibofu. Katika maandishi yake ya mwaka 1754, yaliyopigwa chapa kwa urefu zaidi mwaka 1756, alifanya jambo dogo lakini kubwa: alitumia mizani. Jiwe lililochomwa lilipungua uzito! Kama moto ungeliingia tu, kwa nini lipungue? Basi kuna kitu kilichotoka, nacho kilikuwa hewa. Siku hizi huitwa kaboni dayoksaidi. Leo twajua kwamba kilo 100 za jiwe safi la chokaa, zikichomwa kwa joto la digrii 900 hivi, hutoa kilo 44 za hewa hiyo, zikabaki kilo 56. Mchukuzi wa pakacha aliyaona hayo begani mwake zamani sana, ila hakuna aliyemwuliza.

Hewa iliyotoka ndiyo inayorudi. Ukuta mpya huivuta polepole, chokaa ikawa tena kitu kile kile kilichokuwa tumbawe. Ndiyo maana Kilwa imesimama.

Mfaransa Lavoisier, aliyekatwa kichwa mwaka 1794 wakati wa mapinduzi, aliorodhesha chokaa mwaka 1789 miongoni mwa vitu visivyogawanyika. Humphry Davy aliigawanya kwa nguvu ya umeme mwaka 1808, akapata madini ya kalsiamu. Na mwaka 1824 Mwingereza Joseph Aspdin alipata hati ya saruji yake, inayochomwa kutokana na mawe ya chokaa na udongo.

Hapa maarifa haya yatuhusu sana. UNESCO iliyatia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika urithi wa dunia mwaka 1981, na katika orodha ya urithi ulio hatarini toka 2004 hadi 2014. Fundi akiziba ufa wa ukuta wa kale kwa saruji, ameziba pumzi yake: unyevu na chumvi hubaki ndani, na mawe ya kale huanza kumomonyoka. Ukuta wa chokaa wataka chokaa.

Lakini chokaa ya wapi? Tumbawe hai likivunjwa baharini, samaki hukosa makao na mawimbi hukosa kizuizi. Mikoko ikikatwa kuwa kuni, ufuko huliwa, na kuta zenyewe ziko ufukoni. Kwa mizani ya kemia, jiwe la matumbawe ya kale lililoko nchi kavu ni kitu kile kile. Sioni sababu ya kulivunja lililo hai.

Kazi ya nyumbani. Chukueni chokaa kidogo ya tambuu, ikorogeni katika gilasi ya maji, iacheni usiku kucha. Asubuhi mimineni maji maangavu ya juu katika gilasi nyingine, kisha pulizeni pumzi humo kwa bua la jani la mpapai. Msiyanywe, wala yasiingie machoni. Maji yatageuka kama maziwa. Tuandikieni ni kitu gani hicho cheupe, na kimetoka wapi. Juma lijalo tutazungumza juu ya chumvi.