Eliye Springs: Maji Matamu Kando ya Ziwa Lenye Magadi

Maji ya Ziwa Turkana yana magadi. Mtu huyanywa akikosa mengine. Lakini Eliye Springs, mashariki ya mji wa Lodwar, chemchemi za maji matamu hububujika chini ya mikoma na kutiririka mchangani hadi ziwani. Kwa wafugaji wa mbuzi na ngamia, katika nchi ambayo mvua yake haiaminiki, hiyo ni sababu tosha ya kijiji kuwapo.

Vitabu vingi huanza historia ya ziwa hili Machi 1888, Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel walipolifikia wakalibandika jina la Rudolf, mwanamfalme wa Austria. Jina hilo lilidumu hadi 1975. Wakoloni nao waliigeuza nchi ya Turkana kuwa ua wa nyuma: hadi 1926 ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, ndipo ikahamishiwa Kenya, na mgeni hakuingia bila kibali. Lodwar ukawa mji wa kuwaficha watu. Jomo Kenyatta aliwekwa huko mwaka 1959 akitokea gereza la Lokitaung.

Mwanzo huo wa 1888 siukubali. Ufukweni mwa Eliye liliokotwa fuvu la binadamu wa kale, ambalo Günter Bräuer na Richard Leakey walilieleza kitaalamu mwaka 1986. Namba yake ni KNM-ES 11693. Kwa kuwa halikukutwa ndani ya tabaka lake la asili, umri wake ni wa kukadiria tu: miaka 200,000 hadi 300,000 hivi. Mwaka 2003 Bräuer na wenzake, akiwemo mtafiti Mkenya Emma Mbua, walichunguza unene usio wa kawaida wa mifupa yake, wakaona huenda mtu huyo aliugua upungufu wa damu tangu utotoni. Hata hivyo alifika utu uzima. Mimi naamini hakufika peke yake. Mtoto mgonjwa haishi katika nchi kame kama hana wa kumtazama.

Mvulana wa Turkana, ambaye mifupa yake ya kale iligunduliwa Nariokotome mwaka 1984, amekuwa maarufu duniani. Huyu wa Eliye hatajwi sana. Walimu wa Lodwar, nanyi mnaofundisha watoto waliovuka mpaka na kupokelewa Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa 1992, wasimulieni habari zake. Wajue kwamba huku wanakoambiwa ni mwisho wa Kenya, watu waliishi muda mrefu kabla ya mpaka wowote kuchorwa.