Mto Nairobi ukifika Njiru huacha haraka

Kabla ya reli kufika mwaka 1899, Wamaasai waliuita Enkare Nairobi, yaani maji baridi, na mji ukarithi jina. Baridi labda ipo bado. Kuyanywa ni habari nyingine.

Mto unaanzia kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu, na huko juu una mbio, umebanwa na mabonde. Ukishapita Dandora ardhi inalala, maji nayo yanajikokota. Njiru ni tambarare ya udongo mweusi uliokaa juu ya mwamba, ndiyo maana machimbo ya mawe yamejaa upande huu. Kwa Kikuyu, njiru ni -eusi. Siku hizi hata maji yanaliitikia jina.

Mto wa polepole una tabia yake: kinachokuja nao hukitua. Zamani kilikuwa tope la milimani, na ukingo ukanenepa. Rutuba hiyo ndiyo inayomfanya mkulima ateremshe mpira wa pampu alfajiri, anyweshee nduma na sukuma wiki zitakazouzwa sokoni kabla ya jua kuwaka. Lakini mto hauchagui cha kutua. Mvua ikikatika, matete hubaki yamevaa mifuko ya plastiki mpaka kimo cha mtu mzima, na chini yake tope lina rangi ya oili chafu.

Palipokuwa malisho pakakatwa ploti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 626,482 katika kaunti ndogo ya Njiru. Mtu anayejenga ploti ya futi arobaini kwa themanini huuona ukingo kama ardhi iliyosahauliwa, mpaka mto uje kuidai. Uliidai Aprili na Mei 2024, mafuriko yalipoingia vitandani mwa watu, na serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 za mto wahame.

Kuusafisha kumejaribiwa mara nyingi. Anayekumbukwa zaidi ni John Michuki, waziri wa mazingira kuanzia 2008 hadi alipofariki Februari 2012. Alipambana kwelikweli, na bustani yenye jina lake ipo karibu na Globe, katikati ya mji. Hapo ndipo ninapokwama: mto umetunzwa pale unapoonekana na wenye magari, ukaachwa unapotua mzigo. Mabwawa makubwa ya maji taka yako Ruai, mbele ya Njiru, lakini uchafu usioingia kwenye bomba hauyajui. Unashuka na mto.

Machi 2025 ulizinduliwa mpango mwingine, na safari hii ramani yake inafika Ruai. Vizuri. Ila maji haya yakitoka hapa yanaingia Mto Athi, yanaitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika baharini kaskazini ya Malindi. Kwa hiyo atakayetaka kujua kama kazi imefanyika asiishie Globe kupiga picha. Apande matatu mpaka Njiru, asimame darajani, achungulie chini.