Kizibao cha Riflekta na Gambuti: Ijue Historia Kabla ya Kununua



Msimu uliopita kikundi kimoja ninachokihudumia kilinunua vizibao kumi vya rangi ya chungwa kwa vijana wanaopakia mihogo kando ya barabara. Mchana vilionekana vizuri. Usiku, saa mbili, dereva wa lori alimwona kijana wetu zikiwa zimebaki hatua chache tu. Aliponea chupuchupu. Kesho yake tukakagua: ule ukanda wa fedha ulikuwa kitambaa cha kijivu tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaambia vinafaa.

Tangu hapo nimejifunza kuwa kizibao kimoja kimebeba uvumbuzi wa aina mbili.

Kwanza ni rangi. Mwaka 1933 huko Marekani, kijana Bob Switzer aliumia kichwani akipakua mizigo. Wakati wa kupona ndipo yeye na ndugu yake Joseph walipoanza kuchanganya rangi zinazong'aa. Rangi hizo hupokea miale ya jua isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga unaoonekana. Mwaka 1964 wafanyakazi wa reli mjini Glasgow, Uingereza, walivalishwa vizibao vya chungwa ili madereva wa treni wawaone mapema. Lakini jua likizama, rangi hiyo haina nguvu tena.

Pili ni ukanda. Mwaka 1934 Percy Shaw wa Yorkshire, Uingereza, alisajili uvumbuzi wake wa vioo vya barabarani vinavyorudisha mwanga wa taa kama jicho la paka. Ukanda wa kizibao hufanya kazi hiyohiyo, mara nyingi kwa chembe ndogo sana za kioo. Huo ndio unaomlinda mtu usiku.

Na gambuti je? Charles Goodyear wa Marekani aligundua kuwa mpira ukipikwa na salfa, ileile tunayopulizia mikorosho, hauyeyuki kwa joto wala haukakamai kwa baridi. Alipata hataza mwaka 1844. Mwaka 1853 Hiram Hutchinson alianza kutengeneza mabuti ya mpira Ufaransa, ambako wakulima wengi walivaa viatu vya mbao. Miguu ikawa mikavu. Lakini mpira mtupu hauzuii msumari, wala gunia likiangukia vidole.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa:

1. Omba kizibao kimoja cha mfano. Usiku kitundike hatua ishirini mbele yako, shika tochi karibu na jicho, mulika. Ukanda usipowaka mweupe, rudisha.
2. Cha mtumba kilichopauka usikichukue, hata kama bei ni ya kutupa. Rangi huisha kwa jua na kufuliwa.
3. Kwa kazi ya shamba lenye maji, gambuti la kawaida linatosha. Kwa kupakia mizigo au kujenga, tafuta lenye kinga ya chuma vidoleni na kwenye soli. Alama ya S5 kwenye buti la mpira humaanisha kinga zote mbili zipo.
4. Pima miguu ya vijana kwanza. Buti linalobana litaachwa nyumbani.

Kama umeajiri watu, kuwapa vifaa vya kinga ni wajibu wako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 inakutaka hivyo.

Vile vizibao kumi tulivirudisha dukani. Safari hii tulikwenda na tochi.