Cleon na Diodotus: haki ya "wale wote" na haki ya hesabu

Mwaka 427 Kabla ya Kristo (KK), meli mbili za makasia zilitoka Athens, Ugiriki, zikielekea kisiwa cha Lesbos. Ya kwanza ilibeba amri: wanaume wote wa mji wa Mytilene wauawe, wanawake na watoto wauzwe utumwani. Ya pili iliondoka kama mchana mmoja na usiku mmoja baadaye, nayo ilibeba amri ya kufuta ile ya kwanza. Kilichozitenganisha meli hizo ni mabishano ya watu wawili, Cleon na Diodotus. Nataka tuyasikilize, maana hapa Nyarugusu nayasikia karibu kila wiki, kwenye foleni ya mgao na kwenye bomba la maji, hata kama wanaobishana hawajawahi kusikia majina hayo.

Kisiwa chenyewe si kigeni kwetu. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba Paulo alipita Mytilene, imeandikwa katika Matendo ya Mitume sura ya 20. Na wale wenye ndugu waliojaribu kuvuka bahari kwenda Ulaya wanaijua Lesbos kwa jina la Moria, kambi iliyokuwa kilomita chache tu kutoka mji huo huo. Moria iliungua Septemba 2020, watu zaidi ya 12,000 wakabaki bila pa kulala, na Wakongo walikuwemo.

Sasa turudi nyuma. Athens ilikuwa vitani na Sparta tangu mwaka 431 KK. Ilikuwa na miji mingi chini yake iliyoitwa washirika, lakini huo ushirika ulikuwa wa jina: wengi walilipa kodi na kutii. Mytilene ilikuwa kati ya michache iliyobaki na meli zake na serikali yake. Mwaka 428 KK wakubwa wa mji, matajiri wachache waliokuwa wanatawala, waliamua kujitoa. Walitegemea Sparta ingewasaidia. Athens ikatuma jeshi chini ya jemadari Paches, mji ukazungushiwa ukuta, chakula kikaanza kuisha.

Ndani ya mji alikuwa amepenya ofisa wa Sparta aitwaye Salaethus. Alipoona msaada hauji, akaamua kuwapa raia wa kawaida silaha nzito ili watoke wakapigane. Wale raia walipozishika tu, wakagoma. Wakawaambia wakubwa: ama mtoe chakula mlichoficha kigawiwe kwa wote, ama sisi wenyewe tunaelewana na Athens na kuutoa mji. Wakubwa wakaogopa kubaki peke yao, basi mji mzima ukajisalimisha. Jambo hili tuliweke akilini, kesi yote imelala hapo: nani hasa aliasi?

Paches aliwapeleka Athens wale aliowaona ndio viongozi wa uasi. Huko uamuzi ulikuwa mikononi mwa mkutano wa wananchi, wanaume huru walioinua mikono kupiga kura. Walikuwa watu waliochoka. Mashamba yao yalikuwa yanachomwa na adui, na tangu mwaka 430 KK tauni ilikuwa imeua watu wengi mjini. Kwa hasira wakaamua kifo kwa wanaume wote wa Mytilene, wakosaji na wasio wakosaji. Meli ikaondoka. Asubuhi yake wengi wakaamka na moyo mzito, wakaona ni ukatili kuangamiza mji mzima badala ya waliohusika. Wajumbe wa Mytilene waliokuwa pale wakaomba, na mkutano ukaitishwa upya.

Cleon alisimama kwanza. Ndiye aliyeshinda siku iliyotangulia, na wakati ule hakuna aliyesikilizwa na wananchi kama yeye. Aliwaambia, kwa ufupi, kwamba watu wenye kubadilika hawawezi kutawala wengine. Utawala wenu ni wa mabavu, mnawatawala watu wasiowapenda, na hao watawatii kwa nguvu zenu, hawatawatii kwa wema wenu. Heri sheria mbaya inayosimama kuliko nzuri inayoyumba. Haki kwake ni malipo yanayolingana na kosa, tena yatolewe mapema, hasira ya aliyeumizwa ikiwa bado moto. Na kuhusu raia wa kawaida alisema wazi: msiwalaumu wakubwa peke yao, wote walitushambulia pamoja. Kama angekuwa Mswahili angesema samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Diodotus alijibu. Mtu huyu hajulikani kwa lolote lingine katika historia, isipokuwa hotuba hii na kwamba alikuwa ametetea upande huo huo jana yake. Alisema vitu viwili vinaharibu shauri jema: haraka na hasira. Halafu akasema neno la kushangaza: hapa hatuko mahakamani. Hata nikithibitisha kwamba watu wa Mytilene wana makosa makubwa, sitasema wauawe kama hatuna faida nayo. Hata kama wanastahili kusamehewa, sitasema wasamehewe kama haifai kwa mji wetu.

Kisha akapiga hesabu. Binadamu wameongeza adhabu juu ya adhabu mpaka wakafika kifo, na bado watu wanakosa, kwa sababu umaskini unasukuma na matumaini yanadanganya. Tukiua mji uliojisalimisha, mji mwingine ukiasi kesho hautajisalimisha kamwe, utapigana mpaka mwisho, nasi tutabaki na gharama za vita na magofu yasiyolipa kodi. Tena katika kila mji raia wa kawaida wako upande wetu. Hawa wa Mytilene walipopata silaha waliutoa mji. Tukiwaua, tutakuwa tumewafanyia kazi matajiri wa kila mahali, maana wataweza kuwaambia watu wao kwamba Athens haichagui. Wahukumuni kwa utulivu wale walioletwa na Paches, wengine waacheni waishi.

Kura zilikaribia kulingana, lakini Diodotus alishinda. Meli ya pili ikatumwa mbio. Wajumbe wa Mytilene waliwapa wapiga makasia divai na unga wa shayiri, wakawaahidi zawadi kubwa wakifika kwa wakati. Walikula huku wanapiga kasia, unga ukikandwa kwa divai na mafuta, wakalala kwa zamu. Upepo haukuwapinga. Na ile meli ya kwanza, eti, haikuwa na haraka, kwa sababu nani anaharakisha kazi kama hiyo? Ilitangulia kidogo tu. Paches alikuwa ameshasoma amri na yuko karibu kuitekeleza, meli ya pili ikaingia.

Wengi wanaoisimulia hadithi hii wanaishia hapo, kwa shangwe. Lakini haijaisha. Wale waliopelekwa Athens kama wakosaji wakuu, watu zaidi kidogo ya 1,000, waliuawa kwa pendekezo la Cleon. Kuta za Mytilene zikabomolewa, meli zikachukuliwa. Ardhi ya kisiwa, isipokuwa ya mji wa Methymna ambao haukuasi, ikakatwa vipande 3,000. Vipande 300 vikawekwa kwa miungu, vingine wakapewa watu wa Athens, na wenyeji wakaendelea kulima ardhi ile ile ya baba zao kwa kuilipia kila mwaka.

Nilikisoma kitabu cha Thucydides, aliyeandika habari hizi, kwa Kifaransa. Kwanza nilimchukia Cleon. Baadaye nikaona chuki hiyo ni rahisi mno. Baba yangu mdogo aliuawa kwetu, Kivu Kusini, na nikisikia mtu anasema adhabu ije hasira ikiwa bado moto, kuna sehemu ndani yangu inaitikia ndiyo. Cleon anajua kitu cha kweli: aliyeumizwa akiambiwa kila siku asubiri, atulie, asamehe, ataona dunia inamlinda aliyemuumiza. Wahudumu wa mashirika wanaotuletea semina za maridhiano wanisamehe, lakini lazima waanze kwa kuelewa hilo.

Kosa la Cleon liko mahali pengine. Kipimo chake cha malipo sawasawa kinahitaji kwanza ujue nani alifanya nini, na hapo ndipo anaporuka. Anatoka "walitushambulia" mpaka "wote walitushambulia" kwa hatua moja. Sisi pia tunaruka hivyo hivyo. Nikiuliza katika familia yangu nani alimuua baba mdogo, jina la kabila kila mtu analo. Jina la mtu hakuna anayelo. Na mama yangu, katika siku zile zile, alifichwa siku tatu na mwanamke wa kabila hilo hilo. Ukichukua haki ya Cleon, mwanamke huyu ni wa kwanza kulipa, maana ndiye aliye karibu.

Kwa hiyo mimi niko na Diodotus? Kwa kura, ndiyo. Kwa sababu alizozitoa, nasita. Aliwaokoa watu kwa kuwaonyesha kuwa ni mali. Labda hakuwa na njia nyingine. Ukisimama mbele ya watu wenye hasira ukaanza kuongea huruma, wanakuzomea, na Cleon alikuwa ameshasema kwamba anayewatetea hawa huenda amehongwa. Watu wa Mytilene hawakuwa na haja ya kuuliza kama wamepona kwa upendo au kwa hesabu. Walipona, basi. Ila uhai uliosimama juu ya hesabu unaanguka hesabu ikibadilika.

Na ilibadilika. Mwaka 423 KK mji wa Scione uliiasi Athens, Cleon akapendekeza wanaume wake wauawe, na safari hii ikapita. Cleon mwenyewe alikufa vitani huko Amphipolis mwaka 422 KK. Amri yake haikufa naye. Mwaka 421 KK Scione ilianguka, wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakafanywa watumwa. Mwaka 416 KK ikawa hivyo hivyo kwa kisiwa cha Melos. Hakuna meli ya pili iliyotumwa.

Kuhusu Scione kuna jambo ambalo sisi wakimbizi hatuwezi kulipita. Ile ardhi tupu walipewa wakimbizi. Walikuwa watu wa Plataea, mji ulioangushwa na upande wa Sparta mwaka ule ule wa 427 KK. Waamuzi watano wa Sparta walimwita kila mateka na kumuuliza swali moja tu: umetufanyia nini chema, sisi na washirika wetu, katika vita hivi? Asiye na jibu aliuawa, na watu wa Plataea waliouawa hawakupungua 200. Waliokuwa wametoroka kabla ya hapo walikuwa Athens, ambako walipokelewa na kupewa uraia. Walikuwa wameonja haki ya "wale wote" kwenye miili yao. Halafu wakapelekwa kuishi katika nyumba za watu wengine walioonja haki hiyo hiyo. Thucydides anaandika jambo hili kwa maneno machache tu, bila kusema walijisikiaje. Mimi nafikiri juu ya mwanamke wa Plataea anayefungua mlango wa nyumba pale Scione na kukuta chungu cha mtu mwingine jikoni.

Siku hizi wanaotutetea sisi nao wanaongea kama Diodotus. Wakimbizi wanakuza soko, wanaleta wafadhili, wana nguvu kazi, wanalima. Ni kweli, na siwalaumu, kwa sababu najua wanaongea na nani. Lakini tunaoishi hapa tunasikia upande wa pili wa sentensi hiyo: je, siku soko likihama? Mzee asiyeweza kulima, mtoto mgonjwa, wao wako upande gani wa hesabu? Naomba wasomaji wetu wa mashirika, mkishamaliza kusema habari za soko, mwongeze neno moja ambalo Diodotus hakuliweka mbele: kwamba watu hawa hawakutenda kosa wanaloadhibiwa.

Na sisi wenyewe tuna kazi yetu. Thucydides alikuwa jemadari wa Athens, akashindwa kuiokoa Amphipolis mwaka 424 KK, akafukuzwa. Alikaa uhamishoni miaka 20. Hakumpenda Cleon, wala hafichi. Anaeleza pia kwamba hotuba aliziandika kwa kukaribia maana ya yaliyosemwa, si neno kwa neno. Hata hivyo alimwachia Cleon nafasi ya kutosha kusema hoja zake zote, na alihesabu waliouawa na mji wake mwenyewe pamoja na waliouawa na adui.

Uhamishoni tupo, na muda tunao. Watoto waliozaliwa humu tangu kambi ifunguliwe mwaka 1996 wengine ni wazazi sasa, na vita wanavyovijua ni vile tunavyowasimulia jioni. Wakisikia "wale walituua", watabeba hilo kurudi nalo nyumbani siku njia itakapofunguka. Napendekeza tuanze kuuliza na kuandika, kila familia kwenye daftari lake: nani alikuja, siku gani, nani alimwongoza, nani alitufungulia mlango. Palipo na jina, tuandike jina, tulitunze mpaka siku ya mahakama. Pasipo na jina tuache nafasi wazi, tusiijaze kwa jina la kabila. Langu nimeshalianza. Ukurasa wa baba mdogo una nafasi wazi. Ukurasa wa mama una jina la yule mwanamke.